Nchi za mpito: chuo kikuu kianzie wapi ili utafiti uwe bora na watafiti chipukizi wasikimbie?

Mdadisi

Wakuu, salaam. Naomba tuchambue hali ya vyuo vikuu vya nchi zilizotoka kwenye usoshalisti: Ulaya ya Kati na Mashariki, Balkani, Kaukazi na Asia ya Kati.

Urithi wao unajulikana. Enzi za Kisovyeti utafiti ulikaa zaidi kwenye taasisi za Akademia ya Sayansi, vyuo vikuu vikabaki na kazi ya kufundisha, na mhadhiri akapimwa kwa saa za darasani. Ngazi za shahada ya juu zilikuwa mbili, kandidati wa sayansi kisha daktari wa sayansi, na uthibitisho wake ulitoka kwenye tume moja ya taifa. Baada ya 1991 bajeti ziliporomoka, maabara zikakosa vitendanishi (kemikali za majaribio), na watafiti wengi waliokuwa kwenye umri wa kujijenga wakahamia nje au wakaacha sayansi kabisa. Pengo hilo bado linaonekana katika vitivo vingi: maprofesa wenye umri mkubwa juu, wanafunzi chini, katikati watu wa kuhesabu.

Serikali nyingi zilijibu kwa sharti la idadi. Hupati uzamivu wala uprofesa bila makala kadhaa katika majarida yaliyoorodheshwa na Scopus au Web of Science, yaani hifadhidata za kimataifa za makala za kisayansi. Makala zimeongezeka kweli, ila ubora wake una mashaka, na mzigo wanaubeba vijana: mshahara mdogo, vipindi vingi, jina la tatu kwenye kazi waliyoifanya wao.

Swali langu ni la utendaji. Chukulia chuo kikuu cha mkoani, si kile kikubwa cha mji mkuu. Hakiwezi kubadili kanuni za wizara. Kina mfuko mdogo wa utafiti na wanafunzi wachache wa uzamivu. Kianzie wapi: kanuni za kupandisha vyeo, fedha, au mafunzo ya uzamivu? Na kila moja inafanywaje hasa? Kauli za "kujenga uwezo" tumezisoma za kutosha.

Kalamu Nyekundu

Anzia kwenye kile ambacho chuo kinakihesabu, kwa sababu mengine yote yatapinda kufuata hesabu hiyo.

Ucheki walilipia somo hili. Kuna kipindi fedha za taasisi ziligawanywa kwa pointi: kila makala, kitabu, hataza na andiko la mkutano lilikuwa na pointi zake, na pointi zikageuzwa kuwa korona, fedha ya Ucheki. Wenyewe waliubatiza mfumo huo *kafemlejnek*, kinu cha kusagia kahawa. Kazi moja ikawa inakatwa vipande vitatu au vinne, maana vipande vilikuwa na pointi nyingi kuliko kazi nzima. Mwishowe mfumo uliachwa, ukaja ule unaoitwa Metodika 2017+, wenye moduli 5, na ya kwanza inataka kazi chache zilizochaguliwa zisomwe na wahakiki. Kazakhstan nayo ilipoweka mwaka 2011 sharti la kuchapisha kimataifa kwa wanafunzi wa uzamivu, makala nyingi ziliishia kwenye majarida ambayo baadaye Scopus iliyaondoa. Na hapa pana mtego ambao wasimamizi wengi hawauoni: jarida likiondolewa, makala zilizokwisha kuingia kwa kawaida hubaki kwenye hifadhidata. Kwenye karatasi za chuo mtu bado ana "makala ya Scopus".

Chuo chako hakiwezi kufuta sharti la wizara, sawa. Kiliache liwe kizingiti: mtu amefikia au hajafikia, basi. Lakini yale yaliyo mikononi mwa chuo chenyewe (kupanda cheo kwa ndani, tuzo, mfuko wa utafiti, nani apunguziwe vipindi) yaamuliwe kwa utaratibu mwingine. Mwombaji alete kazi 3 hadi 5 alizozichagua mwenyewe, zisizidi hapo. Kwa kila kazi aandike nusu ukurasa: aliuliza nini, alipata nini, yeye mwenyewe alifanya lipi, na data ziko wapi. Kwenye "alifanya lipi" tumieni orodha ya CRediT yenye majukumu 14 ya mwandishi, kuanzia kubuni wazo hadi kuchambua data na kusimamia. Orodha hiyo humsaidia sana kijana ambaye jina lake limewekwa la tatu na kazi yote ni yake. Kisha watu wawili wa nje ya chuo wazisome zile kazi. Nasema wazisome, maana majopo mengi yanaishia kutazama jina la jarida.

Kosa la pili la kuliondoa mapema ni bonasi ya fedha taslimu kwa kila makala. Inamlipa anayechapisha haraka, na anayelipa jarida la kitapeli ada ya dola mia tatu bado anabaki na faida ikiwa bonasi ni kubwa kuliko ada. Kama kuifuta ghafla kutaleta mgogoro, igeuzeni: kiasi kilekile kiingie kwenye akaunti ya utafiti ya mhusika, kwa vitendanishi, safari ya uwandani au msaidizi wa muda. Mtu ambaye hana utafiti wowote anaoufanya hana atakachokinunua kwa fedha hizo, na hamu ya makala za kununua inapungua yenyewe.

Tahadhari kuhusu sheria, historia, lugha na fasihi. Scopus na Web of Science zinayafikia kidogo sana maandiko ya Kigeorgia, Kialbania au Kikazakhi. Ukimlazimisha mwanahistoria wa nchi ndogo achapishe huko tu, ataacha maswali ya nchi yake na kufuata maswali ya wahariri wa mbali. Tamko la Leiden la 2015, kuhusu matumizi ya vipimo vya namba katika kutathmini utafiti, linataka wazi utafiti wenye umuhimu wa mahali ulindwe. Kubalini kitabu cha lugha ya taifa, kwa sharti kwamba mhakiki mmoja anayeijua lugha hiyo anatoka nje ya nchi au angalau nje ya mji. Chuo kinaweza pia kutia sahihi azimio la DORA au makubaliano ya CoARA ya 2022, yote yakitaka utafiti upimwe kwa ubora wake badala ya namba za majarida, lakini sahihi bila kubadili fomu ya kupandisha cheo haina kazi. Badilisheni fomu kwanza.

Meza ya Ruzuku

Nakubaliana na Kalamu Nyekundu kuhusu hesabu. Naongeza upande wa fedha, na rai yangu ni kwamba fedha ndogo iliyo mikononi mwa kijana mwenyewe ina nguvu kuliko fedha kubwa inayopitia kwa mkuu wa idara.

Tazameni Poland. Kituo chao cha Taifa cha Sayansi, NCN, kilichoko Kraków na kilichoanza kazi 2011, kinabanwa na sheria kutenga angalau 20% ya fedha zake kwa watafiti walioko mwanzoni mwa kazi. Kuna ngazi. Preludium ni ya wasio na uzamivu bado. Sonata ni ya waliomaliza uzamivu kati ya miaka 2 na 7 iliyopita. Kuna pia Miniatura, ambayo ndiyo ya kuigwa na chuo kidogo: zloti 5,000 hadi 50,000, muda usiozidi miezi 12, kwa kazi moja ndogo kama utafiti wa majaribio, kupekua nyaraka, au ziara ya kujifunza mbinu. Lengo lake ni mtu apate data za kutosha kuandikia ombi kubwa zaidi.

Ngazi hizi hazipimi umri, zinapima miaka tangu uzamivu, na likizo ya uzazi huongezwa juu yake. Chuo kinachoandika "chini ya miaka 35" kinawatoa nje hasa wanawake na wale walioanza uzamivu wakiwa wamechelewa kwa sababu ya vita au umaskini wa miaka ya 1990.

Sasa utaratibu wa ndani. Tangazo likae wazi wiki 6. Ombi lisizidi kurasa 4 pamoja na jedwali la bajeti: ukurasa mmoja wa swali na kile kinachojulikana, kurasa mbili za mbinu, mmoja wa ratiba na hatari zake. Kijana awe kiongozi wa mradi na sahihi ya matumizi iwe yake, ikithibitishwa na ofisi ya fedha. Msimamizi wake asiwe na sahihi. Mkiweka sharti la "profesa mshauri" mwenye kuidhinisha matumizi, mtakuta kompyuta imenunuliwa na imekaa ofisini kwa profesa.

Wahakiki ndio shida kubwa ya nchi ndogo, kwa sababu kila mtu amesoma na kila mtu. Estonia na Latvia ziliona hili mapema. Mwaka 1991 hadi 1992 Estonia ilikabidhi tathmini ya sayansi yake kwa Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi, na 1992 Latvia ikafanya hivyo na Wadenmaki. Chuo hakihitaji ukubwa huo. Kinahitaji wahakiki wawili wa nje kwa kila ombi, na kanuni ya mgongano wa maslahi iliyoandikwa kwa maneno yasiyo na utata: mhakiki hajaandika makala na mwombaji kwa miaka 5, hajamsimamia wala kusimamiwa naye, hafanyi kazi taasisi moja naye, si ndugu. Andaeni majina mara tatu au nne ya idadi mnayoihitaji, wengi watakataa au hawatajibu. Barua ya kumwomba iwe fupi, iseme ombi ni kurasa 4 na tarehe ya mwisho ni wiki 3. Walipeni kitu hata kama ni kidogo. Na maoni yote, pamoja na alama, yaende kwa mwombaji. Aliyekosa ruzuku akapata kurasa mbili za ukosoaji wa maana ameshafaidika. Aliyekosa akapewa barua ya mstari mmoja atahitimisha kwamba mambo yalipangwa, na mwakani hataomba.

Msigawe fedha kwa watu wengi mno vijisenti visivyotosha hata sampuli, wala kwa wachache mno. Kama waombaji 40 wanagombea nafasi 2, jopo haliwezi kutofautisha wa pili na wa nane kwa haki. Punguzeni kiwango cha juu cha kila ruzuku ili karibu robo ya waombaji waweze kupata.

Kisha muda. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mhadhiri kijana mwenye vipindi vya wiki nzima hawezi kutafiti hata umpe fedha. Ruhusuni mstari wa bajeti wa kumlipa mwalimu wa muda achukue vipindi vyake, na kwa miaka mitatu ya kwanza ya ajira vipindi vyake visizidi nusu ya mzigo kamili. Mkuu wa idara atalalamika. Mpeni fedha ya huyo mwalimu wa muda moja kwa moja kwenye idara yake, malalamiko yatapungua.

Mwanamaabara

Niongezee kwenye bajeti, kwa sababu miradi mingi ya sayansi asilia hufia kwenye manunuzi, na ripoti husema tu "mtafiti hakufikia malengo".

Mwaka wa fedha unaishia 31 Desemba, fedha zinafika Mei, zabuni inachukua miezi mitatu, mzigo unafika Oktoba, na kisichotumika kinarudi hazina. Ruzuku ya mwaka mmoja imebaki na miezi miwili ya kazi. Chuo chenye uhuru wa kifedha kinaweza kufanya mambo mawili: kuruhusu salio livuke mwaka, na kutumia kikamilifu kiwango cha chini ambacho sheria ya manunuzi inaruhusu kununua bila zabuni. Sheria nyingi zina kiwango hicho, ila wahasibu wanakiogopa. Andikeni mwongozo wa ndani wa ukurasa mmoja, mwanasheria wa chuo autie sahihi, mhasibu apate kinga.

Vitendanishi vinavyohitaji baridi ni habari nyingine. Boksi la kawaida lenye barafu kavu hupoteza takriban kilo 2 hadi 5 kwa siku. Mzigo ukitua Ijumaa jioni na forodha ikafungua Jumatatu, vimeng'enya vimeharibika na hakuna wa kulipia. Mwambieni msambazaji asafirishe ili mzigo utue Jumatatu au Jumanne, aongeze barafu ya siku mbili zaidi ya makadirio, na hati zote (msimbo wa forodha, barua ya msamaha wa kodi, maelezo ya usalama wa kemikali) zifike kwa wakala siku tano kabla ya ndege. Muwe na wakala mmoja wa forodha kwa chuo kizima, anayejua kwamba vimeng'enya si dawa ya binadamu. Wekeni pia kihisi cha joto ndani ya boksi. Bila rekodi ya joto hamna dai la bima.

Mashine kubwa msinunue bila mkataba wa matengenezo wa miaka 3 na fundi anayejulikana jina. Fedha za wafadhili hununua mashine kwa urahisi, lakini hazinunui vipuri. Afadhali kushirikiana na chuo cha jirani kwa mashine moja yenye kitabu cha zamu kilicho wazi mtandaoni.

Tasnifu

Nitazungumzia uzamivu wenyewe, maana hapo ndipo mtafiti anapotengenezwa au kuharibiwa.

Kwanza mapato. Mwanafunzi wa uzamivu anayefanya kazi nyingine mchana na kuandika tasnifu usiku hamalizi, au anamaliza kwa njia za mkato. Kanuni za Salzburg za 2005, za mafunzo ya uzamivu barani Ulaya, zilitaja miaka 3 hadi 4 ya muda wote kuwa ndiyo kipimo, na hilo haliwezekani bila kipato. Poland tangu 2019 inamlipa kila mwanafunzi wa shule za uzamivu: angalau 37% ya mshahara wa chini wa profesa kabla ya tathmini ya katikati, na 57% baada ya kuifaulu. Estonia tangu 2022 inawaajiri kwa mkataba kama watafiti wadogo, na haki zote za mwajiriwa. Chuo chenye fedha kidogo kipokee wanafunzi 6 kinaoweza kuwalipa, kiache kupokea 20 wa kujitegemea.

Pili, tathmini ya katikati. Kwa Poland ni jopo la watu 3, na angalau mmoja anatoka nje ya taasisi. Hii ndiyo silaha bora niijuayo dhidi ya tasnifu mbovu, kwa sababu inakuja mwezi wa 24 wakati bado kuna la kufanya. Ratiba inayofaa ni hii: mpango wa utafiti ndani ya miezi 3, utetezi wa pendekezo kati ya mwezi wa 9 na wa 12, tathmini mwezi wa 24 mwanafunzi akileta data na si ahadi. Msimamizi asikae kwenye jopo hilo, ila ahojiwe peke yake, na mwanafunzi naye ahojiwe peke yake. Mara nyingi ukweli wa usimamizi unatoka kwenye dakika 15 za mahojiano hayo.

Msimamizi mmoja asizidi wanafunzi 5. Kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili, wa pili akiwa kijana aliyemaliza karibuni ili naye ajifunze kusimamia. Wakutane kila wiki mbili, na mwanafunzi ndiye aandike muhtasari wa mistari mitano na kuutuma kwa barua pepe. Muhtasari huo baadaye unamaliza ugomvi wa nani alitoa wazo gani.

Takwimu zifundishwe kabla ya kukusanya data. Nimesisitiza "kabla" kwa sababu kozi nyingi zinakuja mwaka wa tatu, mtu ameshafunga dodoso lake. Mfano: unalinganisha makundi mawili, unataka uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti iliyopo, kwa kiwango cha 0.05 (yaani nafasi ya 5% ya kudai tofauti isiyokuwepo). Kama tofauti ni nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika), unahitaji watu 64 kwa kila kundi. Ikiwa ni 0.8 ya mkengeuko, 26 wanatosha. Ikiwa ni 0.2, unahitaji 394. Ongeza wanaojitoa: ukitarajia 15% wataondoka, 64 inakuwa 76. Tasnifu za watu 20 kwa kila kundi zinazotafuta athari ndogo hazina jibu hata zikifanywa kwa uaminifu mkubwa. Basi pendekezo lolote lisilo na hesabu ya sampuli lirudishwe.

Kuhusu wizi wa maandishi, programu peke yake haitoshi. Asilimia ya kufanana si hukumu: 25% inaweza kuwa mbinu za kawaida na marejeo, na 4% inaweza kuwa sura nzima iliyotafsiriwa kutoka Kirusi. Iko hila ya kubadilisha herufi za Kisirili kwa za Kilatini zinazofanana kwa macho, mfano "a" na "o", ili programu isitambue maneno. Ukaguzi wake ni rahisi: tafuteni maneno yenye herufi za mifumo miwili ndani ya neno moja. Kinachofanya kazi zaidi ni uwazi. Nchini Urusi kikundi cha Dissernet, kilichoanza 2013, kiliweza kufichua tasnifu nyingi za wizi kwa sababu maandishi yenyewe yalikuwa yanapatikana kwa umma yakalinganishwa. Wekeni tasnifu kamili mtandaoni mwezi mmoja kabla ya utetezi, pamoja na majina ya wahakiki na ripoti zao.

Mdadisi

Nawashukuru sana, hii ndiyo aina ya maelezo niliyoyataka. Maswali mawili yamebaki. Sharti la makala lipo na mwanafunzi lazima alitimize: asaidiwe vipi asiangukie jarida la kitapeli? Na vijana wanaokwenda nje, chuo kifanye nini ili warudi?

Kalamu Nyekundu

La majarida. Tatizo huanza na ratiba. Mwanafunzi anatuma makala ya kwanza mwezi wa 34, utetezi ni mwezi wa 40, na hapo anayemwahidi kuchapisha ndani ya siku 10 anaonekana mkombozi. Uhakiki wa kweli huchukua miezi 3 hadi 9, na kukataliwa mara moja au mbili ni kawaida. Makala ya kwanza itoke mkononi mwezi wa 20 hadi 24.

Kabla ya kutuma, achukue ISSN ya jarida, yaani namba yake ya utambulisho, na kuitafuta kwenye orodha ya vyanzo ya Scopus. Aangalie miaka ya kuorodheshwa: kama imeishia mwaka fulani, jarida limeondolewa. Kisha afungue tovuti kupitia tovuti ya taifa au ya kimataifa ya ISSN, asipitie kiungo alichotumiwa kwa barua pepe. Kuna majarida yaliyotekwa, yaani matapeli wametengeneza tovuti bandia ya jarida halisi lenye jina zuri na wanakusanya ada. Asome makala tatu za karibuni na atazame tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa. Siku nne kwa kila makala ni dalili tosha. Aangalie kama jarida la uhandisi limechapisha makala za ufugaji na sheria kwenye toleo moja. Kwa majarida ya wazi (yanayosomwa bure), DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo, ni sehemu nzuri ya kuanzia, na orodha ya Think. Check. Submit. ina maswali ambayo mkutubi anaweza kuyapitia na mwanafunzi kwa nusu saa.

Kuna pia soko la kuuza nafasi za uandishi: makala iliyokubaliwa tayari, nafasi ya kwanza bei hii, ya tatu bei ile. Dalili ni waandishi wa nchi nne wasio na uhusiano wowote wa kikazi. Jopo liulize swali moja: nionyeshe data ghafi na faili la uchambuzi. Aliyenunua hana. Ndiyo maana data zihifadhiwe mahali penye tarehe. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, tangu 2013, ni bure, inatoa namba ya DOI (utambulisho wa kudumu), na inachukua hadi gigabaiti 50 kwa kila rekodi. Data za watu binafsi zifichwe majina kwanza au zibaki kwenye hifadhi iliyofungwa.

Ada ya uchapishaji: msamaha uombwe kabla ya kutuma makala. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi linalokuja baada ya kukubaliwa. Mkutubi aulize pia kama nchi iko kwenye mikataba ya EIFL, mtandao ulioanza 1999 hasa kwa ajili ya maktaba za nchi za mpito. Baadhi ya mikataba hiyo inapunguza au kufuta ada, na vitivo vingi havijui kwamba ipo.

Mrejea

Naijibu hiyo ya kurudi. Kumzuia mtu kutoka ni kupoteza nguvu. Kazi ni kumfanya atoke akiwa na kamba ya kurudi, na akirudi akute pa kukaa.

Kwa safari fupi tumieni COST, mpango wa Ulaya wa kufadhili mitandao ya watafiti. Ukraine, Moldova, Albania na nyingine nyingi za eneo hili zimo kwenye kundi la nchi zinazopewa kipaumbele, na mitandao yake hulipia ziara fupi za kisayansi na mikutano ya watafiti chipukizi. Kujiunga na mtandao unaoendelea ni kazi ndogo mno kuliko kuandika mradi mzima: unatafuta mtandao wa fani yako, unaomba kuingia kwenye kikundi kazi, unaeleza utachangia nini.

Kwa safari ndefu kuna ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya kwa wenye uzamivu wa miaka isiyozidi 8. Sharti linalowaangusha wengi: ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho, mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi anayotaka kwenda. Hapa chuo chenu kina nafasi ya upande wa pili, kama nchi imejiunga na Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya: mtu wenu aliyeko Ujerumani au Marekani anaweza kuomba kurudi kwenu kwa ufadhili huohuo. Sehemu kuu ya ombi ni kurasa 10, ubora wa kisayansi una uzito wa 50%, athari 30%, utekelezaji 20%. Kwa nchi zinazostahili kuna kisanduku cha ERA Fellowships ndani ya fomu. Akikiweka alama na akakosa kwenye shindano kuu, alama zilezile zinashindanishwa tena katika kapu dogo zaidi. Ofisi ya utafiti ihakikishe kisanduku hicho hakisahauliki. Ombi kama hilo linaandikwa kwa miezi mitatu, si wiki mbili, na mwenyeji ndiye anayepaswa kuandika sehemu ya mazingira ya kazi.

Mikataba ya kulazimisha kurudi ipo. Bolashak ya Kazakhstan, iliyoanzishwa 1993, inamtaka aliyefadhiliwa afanye kazi nyumbani hadi miaka 5, na huweka dhamana ya mali. Inarudisha watu, lakini haiwapi maabara. Hungaria ilichukua njia nyingine 2009 kwa mpango wa Lendület wa Akademia yao: mtafiti anapewa fedha za kuunda kikundi chake mwenyewe kwa miaka 5. Nadhani chuo kidogo kiige wazo hilo kwa kipimo chake: chumba, fedha za mwaka wa kwanza zisizosubiri zabuni, mwanafunzi mmoja wa uzamivu anayelipwa, na nusu ya vipindi.

Halafu yapo mambo ya kiofisi ambayo yanafukuza watu kimyakimya. Kutambua shahada ya nje kunaweza kuchukua miezi, na bila hati hiyo mtu analipwa kama msaidizi. Pale sheria inapokipa chuo mamlaka ya kutambua shahada, kiweke ukomo wa siku 30 na kianze kabla mtu hajapanda ndege. Na katika nchi zenye habilitesheni, yaani sifa ya pili baada ya uzamivu, aliyerudi haruhusiwi kusimamia mwanafunzi peke yake. Mpeni nafasi ya msimamizi msaidizi, ambayo sheria ya Poland kwa mfano inaitambua, na kwenye barua ya uteuzi iandikwe ni sehemu gani ya tasnifu iliyo chini yake, ili profesa mwenye jina kubwa asije akamgeuza fundi wa maabara.